Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Mdogo Kutafuna Chakula

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana meno ya kutosha mdomoni, lakini akipewa kipande cha nyama hufyonza maji yake na kukitema kikiwa bado kizima. Mwingine humeza kila kitu bila kutafuna hata mara moja, na wa tatu hujaza shavu na kubaki nalo limetuna muda mrefu baada ya sahani kuondolewa. Mzazi akiona hayo huanza kuhesabu meno, ingawa ni mara chache meno yenyewe yakawa ndiyo kiini cha tatizo. Kutafuna ni kazi ya ulimi kabla ya kuwa kazi ya meno. Ulimi ndio unaochukua chakula kutoka katikati ya mdomo na kukipeleka pembeni, ukakishikilia hapo ukisaidiana na shavu, ukakirudisha kila kinapoponyoka, na mwishowe ukakikusanya kuwa tonge laini linaloweza kumezwa bila shida. Mtoto ambaye ulimi wake haujazoea safari hiyo ya kwenda pembeni hatatafuna vizuri hata awe na meno yote 20 ya utotoni.

Kunyonya mtoto huzaliwa nako, lakini kutafuna hujifunza, na hujifunza kwa kupewa chakula kinachomlazimu kufanya kazi kidogo kuliko alivyozoea. Mwongozo huu unamlenga hasa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu ambaye bado anategemea vyakula vilivyopondwa au kusagwa, ingawa sehemu kubwa ya maelezo yake inamfaa pia mtoto wa miezi 8 au 9 anayeanza kushika chakula mwenyewe.

Jinsi uwezo wa kutafuna unavyokua

Katika miezi ya mwanzo ulimi wa mtoto husukuma nje kila kitu kigumu kinachoingia mdomoni, na hali hiyo hupungua kati ya mwezi wa nne na wa sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze vyakula vya nyongeza afikapo miezi 6, huku akiendelea kunyonya. Kutoka hapo taya huanza kwenda juu na chini tu, na chakula laini hupondwa kati ya ulimi na kaakaa au kati ya fizi. Baadaye, kwa kawaida kabla ya kutimiza mwaka, ulimi huanza kukifuata chakula kilichowekwa pembeni, na taya huanza kwenda mshazari. Ule mzunguko kamili wa taya tunaouona kwa mtu mzima anapokula nyama huimarika kati ya mwaka wa pili na wa tatu, na hata hapo nguvu na ustadi huendelea kuongezeka kwa miaka kadhaa.

Meno nayo yana ratiba yake. Meno ya mbele ya chini huchomoza mara nyingi kati ya miezi 6 na 10, magego ya kwanza kati ya miezi 13 na 19, chonge kati ya 16 na 23, na magego ya pili kati ya 23 na 33. Ratiba hiyo ina maana kubwa mezani. Mtoto wa miezi 14 mwenye meno manane ya mbele ana vifaa vya kumegea, lakini hana vifaa vya kusagia. Fizi zake za nyuma zitaponda kiazi kilichoiva, yai la kuchemsha au samaki laini bila taabu, ila kipande cha nyama chenye nyuzi ngumu kitamshinda, na kumlaumu kwa hilo ni kumwonea. Kwa upande mwingine, kungoja magego ndipo aanze kutafuna ni kosa linalogharimu, kwa sababu miezi hiyo ya kungoja ndiyo ambayo ulimi ulipaswa kufanya mazoezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia maelfu ya watoto wa Uingereza hadi walipofika miaka 7, ulionyesha kwamba waliocheleweshewa vyakula vyenye mabonge hadi baada ya miezi 9 walikuwa na matatizo mengi zaidi ya ulaji na walikula aina chache zaidi za matunda na mboga kuliko wale waliovianza kati ya miezi 6 na 9. Mtoto aliyechelewa hajapoteza nafasi yake. Atajifunza, isipokuwa atahitaji hatua ndogondogo zaidi na subira zaidi kutoka kwa anayemlisha.

Usalama kwanza: kutaka kutapika na kupaliwa

Kabla ya kubadilisha chakula, kila anayemlisha mtoto, akiwamo bibi, dada wa kazi na kaka mkubwa, anapaswa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza ni lile tendo la mwili la kutaka kutapika: mtoto anatoa ulimi, macho yanalengalenga machozi, uso unakuwa mwekundu au unakunjamana, anakohoa au kutoa sauti, kisha chakula kinarudi mbele. Hiyo ni kinga, na kwa mtoto mchanga sehemu ya ulimi inayoiamsha iko mbele zaidi kuliko kwa mtu mzima, ndiyo maana hutokea kwa urahisi katika siku za mwanzo na kupungua kadiri anavyozoea. Anachohitaji mtoto wakati huo ni mlishaji kutulia, kumwacha ameinama kidogo mbele, na kungoja. Mlishaji akipiga kelele au kumnyakua kutoka kitini, mtoto hujifunza kwamba vipande ni hatari, na kesho atavikataa.

La pili ni kupaliwa kunakoziba njia ya hewa. Hapo mtoto hawezi kukohoa kwa nguvu, hawezi kulia wala kutoa sauti, na midomo huanza kubadilika rangi. Ukimya ndio dalili ya kuogopwa. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono wa mlezi, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akapigwa mara 5 kwa kitako cha kiganja kati ya mabega. Chakula kisipotoka hugeuzwa chali na kubonyezwa kifua katikati mara 5, na zoezi hurudiwa. Aliyezidi mwaka mmoja huinamishwa mbele na kupigwa mgongoni mara 5, kisha mlezi husimama au kupiga magoti nyuma yake na kumbana tumbo juu ya kitovu, chini ya mbavu, kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Tumbo halibanwi kamwe kwa mtoto aliye chini ya mwaka. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona, kwani unaweza kukisukuma ndani zaidi. Msaada wa dharura uitwe mapema, na mtoto akipoteza fahamu aanze mara moja kubonyezwa kifua na kupuliziwa pumzi. Aliyebanwa tumbo apelekwe kuchunguzwa hata kama anaonekana mzima. Maandishi hayatoshi kwa jambo hili. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya mkono kwa mkono, hata ya saa chache, yana thamani kubwa kuliko kusoma ukurasa kama huu mara kumi.

Vipo vyakula ambavyo havifai kujifunzia kutafuna, hata mtoto awe hodari namna gani: karanga na korosho nzima, bisi, pipi ngumu, zabibu nzima, soseji iliyokatwa visahani vya duara, karoti mbichi na tufaha bichi vilivyokatwa vipande vinene, mabonge ya siagi ya karanga, na ubani wa kutafuna. Zabibu na nyanya ndogo hukatwa kwa urefu vipande vinne, soseji hupasuliwa kwa urefu kuwa vijiti vyembamba, na siagi ya karanga hupakwa nyembamba juu ya mkate. Karanga na jamii yake zikiwa nzima hungoja hadi mtoto afikishe miaka 4 au 5. Samaki apekuliwe miiba kwa vidole, si kwa macho peke yake.

Hatua ya kwanza: mtazame akila kabla hujabadilisha chochote

Kwa siku mbili au tatu mpe chakula chake cha kawaida, kaa mbele yake usawa wa uso wake, na utazame. Taya linakwenda juu na chini tu, au linapinda pembeni? Ulimi unachungulia nje kila anapofunga mdomo? Shavu moja linatuna kidogo na kusogea wakati anatafuna, ishara kwamba chakula kiko kwenye fizi za pembeni, au mashavu yote mawili yameingia ndani kama ya anayenyonya? Anameza mara ngapi kwa tonge moja? Baada ya mlo, mwambie afungue mdomo acheke, ukitazama kama kuna mabaki juu ya ulimi, kwenye kaakaa au katikati ya fizi na shavu.

Unachokiona ndicho kitakachokuelekeza. Mtoto anayefyonza chakula na kukitema makapi anatumia ujuzi wa kunyonya kwa sababu ulimi wake bado unakwenda mbele na nyuma tu, na huyu anahitaji zaidi hatua ya tatu hapa chini. Anayemeza vipande vizima mara nyingi amezoea chakula kinachoteleza, au anabugia kwa haraka. Anayeficha chakula shavuni huenda hajui vizuri kwamba kipo, au anakijua lakini hana mbinu ya kukiondoa. Anayekataa hata kugusa vipande huenda anaogopa, na huyo haanzi na mdomo, anaanza na mikono. Wazazi wengi hushika dawa moja kwa watoto hawa wote, yaani kumwambia mtoto "tafuna, tafuna", na neno hilo halimfikishi popote mtoto ambaye hajui ulimi uende wapi.

Hatua ya pili: kiti, muda na njaa

Taya haliwezi kufanya kazi sawasawa ikiwa kiwiliwili kinayumba. Mtoto aketi wima, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa vizuri, meza ikiwa usawa wa viwiko vyake, na nyayo zikiwa zimekanyaga kitu. Jambo la nyayo hupuuzwa mno: mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hutumia nguvu zake kujizuia asiteleze. Kama kiti hakina pa kukanyagia, boksi imara au kigoda chini ya miguu kinatosha. Kula akiwa amelala, akikimbia huku na huko au akiwa ndani ya gari linalokwenda kuondolewe kabisa katika kipindi hiki.

Milo na vitafunio vipangwe kwa nafasi ya saa mbili na nusu hadi tatu, na katikati apewe maji tu. Mtoto aliyekunywa chupa ya maziwa nusu saa kabla ya mlo hana sababu ya kujitaabisha na kipande cha kuku. Aliyezidi mwaka mmoja hahitaji zaidi ya takriban nusu lita ya maziwa ya ng'ombe kwa siku. Yakizidi hapo humshibisha na kumwongezea hatari ya upungufu wa madini ya chuma. Chupa ya kunyonyea yenyewe inafaa kuachwa kati ya miezi 12 na 18, nafasi yake ichukuliwe na kikombe cha wazi au mrija. Mlo usizidi dakika 30, na runinga na simu zizimwe, kwa sababu mtoto aliyezubaa kwenye skrini hufungua mdomo na kumeza bila kujua kilichomo.

Hatua ya tatu: peleka chakula pembeni

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kijiko kikiingia katikati ya mdomo, chakula hutua juu ya ulimi, na kitu cha asili ambacho ulimi utafanya ni kukirudisha nyuma na kukimeza. Kipande kikiwekwa pembeni, kati ya fizi za juu na za chini karibu na mahali pa magego, ulimi hulazimika kukigeukia na taya hufunga. Ukigusa ubavu wa ulimi wa mtoto mdogo, ulimi wenyewe hufuata mguso huo. Tunachofanya ni kuitumia tabia hiyo mpaka iwe ustadi wa hiari.

Anza bila chakula. Mara mbili au tatu kwa siku, wakati wa kupiga mswaki au wa kucheza, mpe mswaki laini wa watoto au kifaa salama cha kung'atia chenye umbo refu, umsaidie kukifikisha kwenye fizi za nyuma za upande wa kulia, ang'ate mara chache, kisha upande wa kushoto. Ajishikie mwenyewe, mkono wake unajua mipaka ya mdomo wake kuliko mkono wako. Kukiwa na siku anakataa, acha.

Kisha andaa chakula kwa umbo la kijiti chenye urefu na unene wa kidole cha mtu mzima, ili kikishikwa kwenye ngumi ya mtoto kibaki na sehemu ya kung'ata. Karoti iliyochemshwa mpaka ikalegea, kiazi kitamu, boga, ndizi mbivu, parachichi lisiloiva kupita kiasi, au kimanda cha yai kilichokatwa vipande virefu vinafaa kwa kuanzia. Kipimo cha ulaini ni vidole vyako: kipande kikibonyezwa kati ya dole gumba na kidole cha shahada kipondeke bila nguvu. Kama kidole kinasita, fizi nazo zitasita.

Keti mbele ya mtoto au kwa pembeni kidogo, elekeza ncha ya kijiti kwenye kona ya mdomo wake, si katikati ya midomo, na ukiingize mpaka kiguse fizi za pembeni. Usikitie chote, ncha ya ukubwa wa kucha inatosha. Ngoja. Mara nyingi taya litafunga lenyewe, kipande kitakatika, na utaona shavu la upande huo likitikisika. Hesabu kimoyomoyo, mara nyingi mtoto anayeanza huponda mara tatu au nne kisha akameza, na hilo ni zuri kabisa kwa siku ya kwanza. Kipande kikikimbilia katikati ya ulimi akakitema, usikirudishe kwa nguvu, mpe kingine upande ule ule. Fanya vipande vitano au sita mwanzoni mwa mlo, kabla hajachoka, kisha umwachie ale chakula chake alichozoea bila somo. Kesho ubadili upande. Upande mmoja ukionekana dhaifu kuliko mwingine, upewe zamu nyingi zaidi, lakini usiwe ndio pekee.

Akishazoea, mpe yeye mwenyewe kijiti na umwoneshe kona ya mdomo kwa kugusa shavu lake kwa nje. Vipande vidogo vya mchemraba vina faida yake baadaye, ila kwa mtoto anayejifunza mara nyingi hupotea juu ya ulimi na kumezwa vizima, ndiyo sababu kijiti kinatangulia ingawa kwa macho ya mzazi mwenye hofu kipande kidogo ndicho kinachoonekana salama.

Hatua ya nne: panda ngazi ya ugumu bila kuruka

Kutoka chakula kilichosagwa hadi nyama ya kuchoma kuna madaraja mengi, na mtoto anayedaiwa "hataki kutafuna" mara nyingi amerushwa madaraja matatu kwa siku moja. Mashine ya kusagia ndiyo ya kwanza kustaafishwa. Chakula kisagwacho kwa uma huwa na punje na mabonge yasiyolingana, na kutolingana huko ndiko kunakoufundisha ulimi kutafuta na kuchambua. Punguza ulaini kidogo kila baada ya siku chache: leo uma uponde mara kumi na tano, wiki ijayo mara nane, halafu sehemu moja ya sahani ibaki haijapondwa.

Baada ya vijiti laini fuata vyakula vinavyoanza vikavu na kulainika kwa mate, kama biskuti nyepesi za watoto au kipande chembamba cha mkate uliokaushwa. Hivi vina sifa njema mbili: vinatoa sauti mdomoni, jambo linalompa mtoto habari kwamba kitu kinaendelea, na hata asipotafuna sawasawa vinayeyuka. Mkate mpya mweupe, kinyume na unavyodhaniwa, ni mgumu kuliko uliokaushwa, kwa sababu hugeuka donge linalonata kwenye kaakaa. Daraja linalofuata ni tambi fupi zilizoiva vizuri, wali mkavu kiasi, maharage yaliyopondwa nusu, samaki anayechambuka, yai la kuchemsha, na jibini laini. Nyama ije mwisho, na ianze ikiwa ya kusaga iliyotengenezwa vijidonge laini, kisha kuku aliyepikwa hadi nyuzi zikaachana, kisha vipande vyembamba vilivyokatwa kukingama na nyuzi, si kwa kuzifuata. Namna hiyo ya kukata peke yake huondoa nusu ya ugomvi wa nyama mezani, kwani nyuzi fupi hukatika kwa kubonyezwa wakati ndefu zinahitaji kusagwa.

Vyakula vyenye maji na vipande kwa pamoja, kama supu yenye mboga nzima au nafaka ndani ya maziwa, viwekwe mbali mwanzoni. Mtoto anatakiwa kumeza maji mara moja huku akizuia vipande kwa ajili ya kutafunwa, kazi mbili kwa wakati mmoja ambazo humpalia hata aliyekwisha kuwa fundi wa vyakula vikavu. Chuja supu, mpe mchuzi kwenye kikombe na mboga kwenye sahani.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati. Kama umbo ni jipya, ladha iwe ya zamani. Kama ladha ni mpya, ulaini uwe ule aliouzoea. Na kukataa kwa mara ya kwanza kusichukuliwe kuwa hukumu: watoto wengi huhitaji kukiona na kukigusa chakula mara 10 au hata zaidi kabla ya kukikubali. Anayeogopa vipande apewe nafasi ya kuviponda kwa vidole, kuvitia kwenye bakuli, kuvilamba na kuviacha.

Hatua ya tano: mwoneshe

Kula pamoja naye chakula kile kile. Tafuna ukiwa umefunga mdomo nusu, ukizidisha kidogo mwendo wa taya, kisha fungua mdomo umwoneshe kilichotokea. Kioo kidogo mezani husaidia kwa mtoto wa miaka miwili anayependa kujitazama. Maneno yawe mafupi na ya mahali, kama "weka kando" au "ponda huku", ukigusa shavu lako mwenyewe.

Mambo yanayokwaza na namna ya kuyashughulikia

Anayebugia asipewe sahani iliyojaa. Weka vipande viwili mbele yake, ongeza vingine baada ya kumeza. Wengine hubugia kwa sababu hawahisi kilichomo mdomoni mpaka kijae. Hao husaidiwa na chakula chenye ladha kali kidogo, kama tone la limao, au chenye ubaridi, kwa kuwa huwaamsha mdomo. Kumpa kijiti kirefu ambacho lazima akimege, badala ya vipande vilivyokatwa tayari, humfundisha kupima kiasi.

Anayeficha shavuni apewe funda dogo la maji katikati ya mlo na aambiwe atafute chakula kwa ulimi, mbele ya kioo. Kama bado kipo, kidole chako kibonyeze shavu kwa nje, kikisukuma kuelekea katikati. Asilale kabla ya mdomo kuwa safi, kwa sababu ya hatari ya kupaliwa na pia ya kuoza meno. Kuficha kunakotokea kwa chakula cha aina moja tu, hasa nyama, maana yake ni kwamba daraja hilo bado liko juu yake, rudi chini.

Anayetema aachwe ateme. Kutema kwa usalama ni sehemu ya ujuzi, na mtoto anayejua kwamba anaweza kukitoa kipande kilichomshinda huwa na ujasiri wa kukiingiza kingine. Mpe kibakuli cha kutemea na usitoe maoni.

Maganda ya mahindi, ya maharage au ya mbaazi kuonekana kwenye choo si ushahidi kwamba hatafuni. Nyuzi za maganda hayo hupita tumboni bila kumeng'enywa hata kwa mtu mzima. Vipande vizima vya nyama au karoti kila siku ni habari tofauti.

Kuhusu kulazimisha, msimamo wangu ni mkali. Kumshika mtoto kichwa, kumtilia kijiko akilia, au kumwahidi kitamu akimaliza, huharibu kazi ya wiki nyingi katika mlo mmoja. Mzazi anaamua nini kiliwe, wapi na saa ngapi. Mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Wapo wanaoona huko ni kumdekeza, lakini kutafuna ni tendo ambalo hakuna mtu mwingine anayeweza kumfanyia.

Lini uende kliniki

Mtoto anayefanya mazoezi haya kila siku huonyesha badiliko dogo ndani ya wiki chache, hata kama ni upande mmoja wa mdomo au chakula kimoja. Aliyezaliwa kabla ya wakati apimwe kwa umri uliorekebishwa, yaani kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Siku za kuota jino, mafua au kidonda mdomoni hurudisha nyuma kila mtoto, na hapo unampa chakula laini bila wasiwasi mpaka apone.

Usisubiri, hata hivyo, ikiwa mtoto anakohoa au anapaliwa karibu kila mlo, sauti yake inasikika kama yenye maji baada ya kula, anapata maambukizi ya kifua mara kwa mara, hapati uzito au anaupoteza, anatapika kila anapoona vipande, au bado anakubali vilivyosagwa peke yake baada ya miezi 15 hivi. Mtoto anayepumua kwa mdomo muda wote na kukoroma huenda ana mafindofindo au nyama za pua zilizovimba, na hawezi kutafuna na kupumua kwa pamoja. Anayepinga chakula kigumu ghafla, au akaanza kutafuna upande mmoja tu, achunguzwe meno. Aliyekuwa akitafuna vizuri kisha akapoteza uwezo huo, au anayetokwa udenda mwingi huku misuli yake ikiwa legevu, apelekwe bila kuchelewa.

Daktari wa watoto atachunguza mdomo, koo na ukuaji, na anaweza kukuelekeza kwa mtaalamu wa usemi na umezaji, ambaye ndiye mjuzi wa kazi ya ulimi na taya. Nenda na video fupi ya mtoto akila, iliyopigwa kutoka mbele ikionesha uso hadi kifua, na uandike vyakula vyote anavyokubali, vikiwa vimepangwa kwa ulaini wake. Mtoto aliye mbele ya mgeni mwenye koti jeupe mara nyingi hufunga mdomo, na video hiyo ndiyo itakayomwonyesha mtaalamu kile unachokiona wewe nyumbani.